SUMU IZALIWAYO MOTONI
Kuhusu uchomaji wa nyaya na taka nyingine za elektroniki

Pembezoni mwa miji mingi ya Afrika, mahali ambapo takataka hutupwa na vyuma chakavu hukusanywa, huonekana mara kwa mara moshi mweusi mzito ukipanda kutoka katika rundo dogo la nyaya. Kijana husimama kando yake akiwa na kipande cha nondo, akizigeuzageuza nyaya hizo mpaka ganda lote la plastiki limekwisha kuungua. Kisha humwaga maji, hupukuta majivu, na huokota kilichobaki, yaani shaba. Shaba hiyo huuzwa kwa kilo, na fedha ipatikanayo ndiyo chakula cha siku ile.

Mtu auangaliaye moto huo kwa makini, hasa jua likisha kutua, ataona jambo lisilo la kawaida: ndimi zake zina rangi ya kijani, wakati mwingine kijani iliyochanganyika na buluu. Moto wa kuni hauna rangi hiyo, wala moto wa mafuta ya taa. Rangi hiyo yatoa habari. Mwaka 1872 mkemia Friedrich Konrad Beilstein alieleza jaribio ambalo bado hutajwa katika vitabu vya kemia: waya safi wa shaba huchovywa katika kitu kinachochunguzwa, kisha hutiwa motoni, ikiwa mwale utageuka kuwa kijani, basi yaelekea kitu hicho kina klorini, bromini au iodini. Moto wa kando ya jalala ni jaribio lile lile la Beilstein, isipokuwa hufanywa kwa kilo badala ya miligramu, na bila maabara.

Kijani hicho chaonyesha kwamba shaba na klorini zimekutana motoni. Makala haya yanaeleza kwa nini mkutano huo ni wa hatari. Watu wengi hudhani kwamba ubaya wa moshi watoka katika vitu vilivyokuwamo ndani ya waya, na kwamba plastiki ikisha kuungua yote, ubaya nao umekwisha. Kemia yaonyesha vingine. Sumu iliyo kali kuliko zote katika moshi huo haikuwamo ndani ya waya kabla haujachomwa. Huundwa na moto wenyewe, nayo shaba ndiyo fundi wake.

VILIVYOMO NDANI YA VYOMBO

Taka za elektroniki ni vyombo vyote vitumiavyo umeme ambavyo mwenyewe ameviacha: redio, televisheni, simu, kompyuta, majokofu, pasi, betri pamoja na nyaya zake. Kwa kadirio la mashirika ya Umoja wa Mataifa lililotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo katika mwaka 2022 peke yake, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa kwa utaratibu. Sehemu kubwa ya zilizobaki haijulikani njia iliyopita. Nyingine huzikwa, nyingine huhifadhiwa majumbani, na nyingine huchomwa.

Sababu ya kuchoma ni kwamba taka hizo zina mali. Tani moja ya vibao vya saketi huwa na dhahabu nyingi zaidi kuliko tani moja ya mawe ya mgodi wa kawaida wa dhahabu, na shaba imo karibu katika kila chombo. Lakini metali hizo zimefungwa ndani ya plastiki, na plastiki yenyewe si ya aina moja. Ganda la waya mara nyingi hutengenezwa kwa polivinili kloridi, ijulikanayo kwa kifupi kama PVC. Maganda ya televisheni na kompyuta, pamoja na vibao vya saketi, mara nyingi hutiwa dawa za kuzuia moto zilizo na bromini. Dawa hizo ziliwekwa kwa nia njema, ili nyumba zisiteketee umeme ukipiga shoti. Lakini chombo kile kile kitupwapo motoni kwa makusudi, bromini hiyo hugeuka kuwa mzigo mwingine.

Pamoja na hayo zimo metali zenye sumu. Lehemu ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vyombo vingi vipya kuanzia Julai 2006, lakini vyombo vilivyotengenezwa kabla ya hapo bado vinafika majalalani. Kioo cha televisheni ya zamani yenye mgongo kina risasi nyingi. Kadimi imo katika baadhi ya betri, na zebaki imo katika taa zilizoangaza nyuma ya vioo bapa vya awali.

KAZI TATU ZA MOTO

Vitu hivyo vikichomwa, moto hufanya kazi tatu ambazo yafaa zitofautishwe.

Kazi ya kwanza ni kufungua. Metali zilizokuwa zimetulia ndani ya chombo hutolewa nje. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Sentigredi na kadimi katika nyuzi 767, hivyo zote mbili huweza kupanda na moshi. Risasi huchemka karibu nyuzi 1,750, na mwanafunzi mwerevu atauliza: moto wa wazi haufiki huko, basi risasi hupandaje? Jibu ni kwamba klorini huisaidia. Risasi ikiungana na klorini hufanya kloridi ya risasi, ambayo huchemka katika nyuzi 950 tu, na mvuke wake huanza kutoka hata kabla ya hapo. Ikisha kupanda hupoa, ikagandamana na chembe ndogo za masizi, na chembe hizo huvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu au huanguka juu ya udongo.

Kazi ya pili ni kubomoa. Molekuli kubwa za plastiki hukatika vipande. PVC ikifika zaidi ya nyuzi 200 huanza kuachia gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo hugeuka kuwa asidi haidrokloriki. Ndiyo maana moshi wa nyaya huwasha. Sifongo ya majokofu, ambayo wachomaji wengine huitumia kuwashia moto, huweza kutoa sianidi ya haidrojeni. Na kwa kuwa hewa haifiki vya kutosha katikati ya rundo, hutoka pia kaboni monoksidi na masizi mengi yaliyobeba kampaundi za pete za kaboni, ambazo baadhi yake husababisha saratani.

Kazi ya tatu ni kujenga, nayo ndiyo isiyofahamika kwa wengi. Moto hauvunji tu. Vipande vilivyovunjika huungana upya kwa namna nyingine. Miongoni mwa vitu vijengwavyo hivyo ni dioksini na ndugu zake waitwao furani. Molekuli ya dioksini ina pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa madaraja mawili ya oksijeni, na pembeni mwa pete hizo zipo nafasi 8 ambazo klorini huweza kukaa. Kwa kufuata idadi na mahali pa klorini, zipo dioksini za aina 75. Furani, zenye daraja moja tu la oksijeni, zipo za aina 135. Katika jumla hiyo ya 210, aina 17 ndizo zenye sumu kali zaidi, na zote 17 zina klorini katika nafasi za 2, 3, 7 na 8. Bromini nayo huweza kushika nafasi za klorini, zikapatikana dioksini za bromini.

SHABA, FUNDI WA SUMU

Hakuna mtu aliyepata kutengeneza dioksini kwa biashara, maana hazina faida yoyote. Kwa muda mrefu zilijulikana kama uchafu utokeao katika utengenezaji wa baadhi ya dawa za kuua magugu. Mwaka 1977 Kees Olie na wenzake huko Uholanzi walionyesha kwamba zimo pia katika majivu mepesi na moshi wa matanuri ya kuchomea takataka za miji. Jambo hilo liliwashangaza wanasayansi, kwa sababu joto la matanuri hayo lilitosha kuziteketeza. Ikiwa dioksini huungua katika joto hilo, zilitoka wapi?

Utafiti wa miaka ya 1980 ulileta jibu. Dioksini nyingi hazitoki katikati ya moto. Hujengwa nyuma ya moto, wakati moshi unapopoa. Moshi ukipita kati ya nyuzi 450 na nyuzi 200 hivi, juu ya uso wa chembe za masizi na majivu huwa pamekutana vitu vinne: kaboni, oksijeni, klorini, na metali iwezayo kuharakisha mmenyuko. Kitu kiharakishacho mmenyuko bila chenyewe kwisha huitwa kichocheo. Miongoni mwa metali zote zilizopimwa kwa kazi hii, shaba imeonekana kuwa kichocheo chenye nguvu sana.

Uwezo huo wa shaba ulikuwa umekwisha kutumiwa kiwandani zamani. Karibu na mwaka 1870 mkemia Mwingereza Henry Deacon alitumia kloridi ya shaba kuigeuza gesi ya haidrojeni kloridi kuwa klorini, katika joto la nyuzi 400 na zaidi kidogo:

4HCl + O₂ → 2Cl₂ + 2H₂O

Msomaji autazame mlingano huu kwa makini, maana ndio unaofanyika pia katika rundo la nyaya. PVC yatoa haidrojeni kloridi. Hewa yatoa oksijeni. Waya watoa shaba, ambayo sehemu yake imekwisha kugeuka kuwa kloridi ya shaba, ile itiayo moto rangi ya kijani. Klorini iliyopatikana hushambulia masizi, na shaba hiyo hiyo husaidia kukata vipande vya kaboni na kuvipachika klorini. Kwa hiyo waya wa shaba wenye ganda la PVC umekusanya mahali pamoja karibu kila kihitajiwacho kwa ujenzi wa dioksini. Kilichokuwa kimebaki ni kiberiti.

Tofauti kati ya moto huu na moto mwingine si ndogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira huzipatia nchi vipimo vya kukadiria dioksini zitokazo katika shughuli mbalimbali. Katika vipimo vilivyotolewa mwaka 2013, tani moja ya takataka za nyumbani zichomwazo uwanjani hukadiriwa kutoa hewani mikrogramu 40 za dioksini. Tani moja ya nyaya zichomwazo hivyo hivyo hukadiriwa kutoa mikrogramu 12,000, yaani mara 300. Tanuri la kisasa la takataka za mji, lenye vyombo vyote vya kusafishia moshi, hukadiriwa kutoa nusu mikrogramu kwa tani. Vipimo hivi vyote huhesabiwa kwa kuilinganisha kila aina na ile iliyo kali kuliko zote.

KWA NINI KIDOGO NI KINGI

Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mtu aweza kuuliza kwa haki kwamba mikrogramu 12,000 kutoka katika tani nzima ya nyaya zaweza kumdhuru nani. Majibu ni matatu.

Kwanza, dioksini hazivunjiki upesi. Haziyeyuki katika maji bali katika mafuta, hivyo zikiingia mwilini hukaa katika shahamu. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mwili wa binadamu huhitaji miaka 7 hadi 11 ili kupunguza nusu ya kiasi kilichomo. Mtu apataye kidogo leo na kidogo kesho hujaza akiba asiyoijua.

Pili, hupanda katika mfuatano wa chakula. Masizi huanguka juu ya udongo na majani. Kuku huparua udongo na ng'ombe hula majani. Mayai, maziwa na nyama hubeba mafuta yenye sumu. Mwanadamu hula vyote hivyo. Mama anyonyeshaye humpa mtoto sehemu ya akiba yake kwa njia ya maziwa. Hata hivyo wataalamu wa afya bado wanasisitiza kwamba maziwa ya mama ni bora kwa mtoto. Dawa yake ni kuuzima moto, wala si kumwachisha mtoto.

Tatu, dioksini huingilia utendaji wa chembe hai zenyewe. Hushika kipokezi kilichomo ndani ya chembe na kuamsha jeni nje ya wakati wake. Madhara yaliyothibitika ni pamoja na kudhoofika kwa kinga ya mwili, kuvurugika kwa homoni, madhara katika uzazi na ukuaji wa watoto, na saratani. Aina iliyo kali kuliko zote iliwekwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza, yaani vitu vijulikanavyo kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Dunia ilipata somo lake tarehe 10 Julai 1976, wakati kiwanda cha kemikali kilicho karibu na mji wa Seveso, kaskazini mwa Italia, kilipovujisha wingu lenye dioksini. Wanyama wengi walikufa, na watu wapatao 200, wengi wao watoto, walipatwa na vipele vibaya vya ngozi vilivyo dalili ya sumu hiyo.

Seveso ilikuwa ajali ya siku moja, na dunia nzima ikaijua. Moto wa nyaya ni mdogo, lakini huwashwa kila siku.

USHAHIDI WA GUIYU NA AGBOGBLOSHIE

Miji miwili imechunguzwa kuliko mingine. Wa kwanza ni Guiyu, katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Kwa miaka mingi familia za huko zilivichemsha vibao vya saketi juu ya majiko ya makaa ili lehemu iyeyuke, zikachoma nyaya, na zikatumia asidi kutafuta dhahabu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 uliwapima watoto 165 wa Guiyu walio chini ya miaka 6. Wastani wa risasi katika damu yao ulikuwa mikrogramu 15.3 kwa desilita, na katika kila watoto 10, watoto 8 walizidi mikrogramu 10, kiwango kilichotumiwa wakati huo kuwa ishara ya hatari. Katika mji jirani wa Chendian, usiokuwa na kazi hiyo, wastani ulikuwa 9.94. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto. Mwaka 2015 serikali iliihamishia kazi ya Guiyu katika eneo maalumu la viwanda.

Wa pili ni Agbogbloshie, mtaa wa Accra, Ghana, kando ya mto Odaw. Hapo palikuwa na uwanja mkubwa wa vyuma chakavu, jirani na soko la chakula. Vijana wengi waliotoka kaskazini mwa nchi walichoma nyaya humo, wakitumia matairi na sifongo za majokofu kuchochea moto. Baadhi ya vyombo vilikuwa vimeletwa kutoka ng'ambo vikiwa vimetumika, na vingine vilikuwa vimeishia maisha yake katika nyumba za Ghana yenyewe. Mwaka 2019 mtandao wa IPEN pamoja na Basel Action Network walitangaza matokeo ya kupima mayai ya kuku waliokuwa wakitembea huru uwanjani hapo. Kwa hesabu yao, mtu mzima alaye yai moja tu la kuku hao angekuwa amezidi mara 220 kiasi cha dioksini ambacho wataalamu wa Ulaya wanakiona kinavumilika kwa siku.

Mwezi Julai 2021 uwanja wa Agbogbloshie ulibomolewa. Nyaya hazikwisha, wala njaa ya wachomaji haikwisha. Kazi ilitawanyika ikaenda sehemu nyingine. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mwenye kudhani kwamba tatizo hili laweza kuondolewa kwa tingatinga.

TANURI LILILO SALAMA

Je, kuna namna ya kutumia moto kwa taka hizi bila kuzalisha sumu? Ipo, lakini ni kazi ya kiwanda. Nayo yafuata moja kwa moja kanuni zilizoelezwa juu.

La kwanza ni joto pamoja na muda. Sheria za Umoja wa Ulaya zadai kwamba gesi za tanuri la takataka zikae katika joto lisilopungua nyuzi 850 kwa muda wa sekunde 2 au zaidi. Na ikiwa takataka za sumu zina zaidi ya asilimia 1 ya klorini na ndugu zake katika kampaundi za kaboni, joto lisipungue nyuzi 1,100. Hapo molekuli za dioksini huvunjika. La pili ni hewa ya kutosha, iliyochanganywa vema, ili masizi yasibaki. La tatu, ambalo ndilo hukosekana kabisa katika moto wa wazi, ni kupoza upesi. Kwa kuwa dioksini hujengwa kati ya nyuzi 450 na 200, moshi hauna budi kuvushwa kipande hicho cha njia kwa haraka, kwa kunyunyiziwa maji au kwa njia nyingine, ili mmenyuko ukose muda. Baada ya hapo asidi husafishwa kwa chokaa, dioksini zilizosalia hunyonywa na makaa yaliyotayarishwa maalumu, na vumbi hukamatwa na vichujio vya mifuko. Kiasi kiruhusiwacho kutoka katika bomba ni nanogramu 0.1 katika mita moja ya ujazo ya moshi. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Viwanda vya namna hiyo vipo, kama kile cha Rönnskär, kaskazini mwa Sweden, ambacho kwa miaka mingi kimeyeyusha taka za elektroniki ili kupata shaba, dhahabu na fedha. Lakini gharama zake ni kubwa mno, na hata huko uangalizi haukomi. Huko Hoboken, nchini Ubelgiji, palipo na kiwanda kikubwa cha kazi hiyo, damu ya watoto wa jirani hupimwa mara kwa mara ili kujua kiasi cha risasi.

Yafuata kwamba pipa la chuma, shimo, au tanuri la matofali lililojengwa uani haliwezi kuwa salama kwa sababu tu moto wake ni mkali. Moto mkali katika pipa bado una kingo zake zilizo baridi, na moshi wake bado hupoa polepole ukiwa umejaa masizi na shaba. Wala majivu si salama. Makaa yanayofuka polepole yamo katika joto lile lile lipendwalo na ujenzi wa dioksini, na yakimwagwa uwanjani huwa mahali pa kuku kuparua na watoto kuchezea.

NJIA ISIYO NA MOTO

Mataifa yamekwisha kulitambua jambo hili. Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu zisizooza, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, unazitaja dioksini, na katika orodha ya vyanzo vyake umetaja waziwazi uchomaji wa nyaya za shaba. Baadhi ya dawa za kuzuia moto zenye bromini ziliongezwa katika mkataba huo mwaka 2009 na mwaka 2017. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ulioanza kutumika mwaka 1992, unasimamia usafirishaji wa taka za hatari toka nchi hata nchi. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za elektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, hazisafirishwi kati ya nchi wanachama bila idhini ya nchi ipokeayo. Mataifa ya Afrika yalikwisha kutunga Mkataba wao wa Bamako mwaka 1991.

Mikataba hiyo ni ya lazima, lakini haimlishi kijana mwenye nondo. Kwake yeye swali ni moja: shaba itatokaje ndani ya ganda? Jibu la kikemia ni kwamba hakuna haja yoyote ya moto. Ganda la waya halijaungana na shaba kwa kifungo cha kikemia, limeizunguka tu. Waya mnene huchunwa kwa kisu na kwa mashine rahisi ya mkono. Waya mwembamba huchosha kuchunwa mmoja mmoja, na hapo ndipo moto hushinda. Huo huhitaji mashine ya kukata vipande vidogo, kisha shaba na plastiki hutenganishwa kwa uzito, kwa maji au kwa hewa. Mwaka 2014 mashine za kuchuna nyaya zilipelekwa Agbogbloshie, na somo lililopatikana ni hilo hilo: mashine isiyoweza waya mwembamba huuacha moto ukiendelea.

Njia hii ina faida hata sokoni. Shaba iliyochomwa hushika oksidi na masizi, hupoteza mng'ao wake na sehemu ya uzito wake, na wanunuzi huiweka katika daraja la chini kuliko shaba iliyochunwa. Vyama vya ushirika vya waokota vyuma chakavu vikiwezeshwa kununua mashine moja kwa pamoja, huweza kuuza shaba ya daraja la juu na kuacha kuvuta moshi. Vibao vya saketi, ambavyo haviwezi kushughulikiwa kwa kisu, hapana budi vikusanywe na kupelekwa panapostahili. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo imekwisha kuanza. Nchini Rwanda, katika wilaya ya Bugesera, kipo kiwanda ambamo vyombo hubomolewa kwa mikono na zana, sehemu zikatengwa kwa aina zake bila ya kuchomwa.

KWA MWALIMU NA WANAFUNZI

Somo hili laweza kufundishwa bila kuwasha kiberiti, na ndivyo inavyopasa. Jaribio la Beilstein lisifanywe darasani pasipo kabati la kufyonza gesi, kwa sababu kama ilivyoelezwa, mwale ule wa kijani wenyewe ni karakana ndogo ya dioksini.

Badala yake, wanafunzi wachukue vipande vya maganda ya nyaya yaliyochunwa kwa kisu, wavitie ndani ya bilauri ya maji. Polithini kwa kawaida huelea, na PVC huzama. Hivyo watajifunza kutenga plastiki kwa uzito wiani, kama zifanyavyo mashine zilizotajwa.

Hesabu nayo ni nyepesi. Kizio cha PVC ni C₂H₃Cl, na uzito wake ni 24 + 3 + 35.5, yaani 62.5. Klorini peke yake ni 35.5, sawa na asilimia 57 ya uzito wote. Kilo moja ya PVC halisi ni moli 16 za kizio hicho. Ikiachia klorini yake yote, hutoa moli 16 za haidrojeni kloridi, ambazo ni gramu 584, au lita 358 za gesi katika halijoto na kanieneo sanifu. Ganda la waya huwa na viungo vingine vya kulainisha na kujazia, kwa hiyo kiasi halisi ni pungufu ya hapo; lakini mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii atafahamu kwa nini macho ya mchomaji huwa mekundu.

Mwisho, shule nyingi hazipo mbali na mahali panapochomwa nyaya, na baadhi ya wanafunzi wana kaka zao kazini hapo. Wanaweza kuwapelekea habari tatu ambazo hazihitaji maabara: kwamba waya uliochunwa una bei nzuri kuliko uliochomwa, kwamba moto ukizimika majivu yake bado yana sumu, yasiachwe penye kuku na watoto, na kwamba moto ukionyesha kijani, mtu asisubiri koo liwashe ndipo aondoke kwenye moshi, kwa kuwa iliyo mbaya zaidi ndani yake haina harufu wala haiwashi.